Kwa nini bolti yenye kutu hutoka bapa pichani

Umeuliza kwa nini picha zako za karibu za nati na bolti zenye kutu hutoka bapa, huku sehemu ndogo tu ikionekana vizuri. Kwa maoni yangu, anza na mwanga. Kutu ina magamba na vishimo, na flashi inayomulika kutoka mbele hufuta vile vivuli vidogo vinavyovionyesha. Weka tochi ubavuni mwa bolti, chini kabisa, karibu usawa mmoja na chuma, nawe utaona kila jino la hesi likitupa kivuli chake juu ya linalofuata, na rangi ya kutu ikigawanyika kuwa machungwa, hudhurungi na karibu nyeusi.

Kuhusu fokasi, fizikia yenyewe inakubana: ukikaribia hadi uwiano wa 1:1 (taswira ndani ya kamera ina ukubwa sawa na kitu chenyewe), kwenye kamera ya fremu nzima (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24), hata kwa f/11 (tundu la lenzi likiwa dogo kiasi) eneo linaloonekana kwa ukali huwa na kina cha milimita moja hivi, na ukibana tundu la lenzi zaidi, hadi f/22, picha nzima huanza kupoteza ukali. Kwa hiyo elekeza kamera ikabiliane sawasawa na uso wa nati, au, kamera ikiwa juu ya stendi, piga picha kadhaa ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha uziunganishe kwa programu.

Filta ya polaraiza (kioo kinachofungwa mbele ya lenzi kuzuia sehemu ya mwanga unaoakisiwa) hupunguza mng'ao wa rangi iliyopakwa kwenye mashine na wa mafuta, lakini haisaidii sana kwenye chuma kitupu kilichosuguliwa; hapo hamisha taa.