Kazi inayokuza kampuni ya ushauri wa chapa hufanyika kabla ya nembo

Wadogo zangu mnaofungua kampuni za ushauri wa chapa na masoko hapa Dar es Salaam, swali mnaloniuliza zaidi ni namna ya kupata wateja wengi. Mimi ningewaomba muanze na swali la mnauza nini. Nimeshuhudia kampuni zenye foleni ya wateja zikirudisha funguo za ofisi kwa mwenye nyumba, na nyingine zenye wateja wachache zikiajiri kila mwaka. Zile za kwanza ziliuza nembo, mabango na kurasa za Instagram. Katika soko hilo unashindana na kila mwenye kompyuta na programu ya kuchorea, na bei inazidi kushuka. Zile za pili zinamwambia mwenye biashara kwa nini mauzo yake yamesimama. Nembo inafuata baadaye, kama inahitajika.

Chukua kazi hii tuliyoifanya. Mteja alikuwa msagishaji wa sembe, mauzo yamekwama, akataka kiroba kipya chenye rangi za kuvutia. Kabla ya kuchora chochote tuliomba tukae kwenye maduka ya rejareja ya Mbagala na Tandika, kwa Mangi, kama tunavyomwita muuza duka wa mtaani, tuangalie tu. Jioni ndiyo saa yenye mambo. Mtoto anatumwa: "Mangi, nipimie sembe kilo moja." Jina la unga hataji. Mangi anachota kwenye kiroba kilicho wazi, anapima kwenye mizani, anafunga, mtoto anaondoka. Kiroba chenyewe kiko nyuma ya kaunta, mdomo umekunjwa kwa nje hadi katikati, na jina la kampuni limejificha ndani ya mkunjo. Ukimuuliza mama anayesonga ugali anapika unga gani, atakujibu, "Ule wa kwa Mangi."

Basi anayechagua unga mtaa mzima ni Mangi. Naye hakutuficha anachoangalia: gari linafika siku gani, anapewa mzigo kwa mali kauli, yaani alipe akishauza, au lazima alipe taslimu, na kiroba kikikutwa na wadudu ni nani anakibadilisha. Rangi hakuitaja hata mmoja. Ushauri wetu ukawa ratiba ya gari isiyoyumba kwa kila mtaa, utaratibu wa maandishi wa kubadilisha mzigo mbovu, na baadaye pakiti ndogo ili jina limfikie mama jikoni. Kiroba kipya kilikuja mwisho kabisa, na jina tuliliweka sehemu ya chini, pande zote, kwa sababu tulishajua juu kunakunjwa. Hakuna mchoraji angelijua hilo akiwa amekaa ofisini Mikocheni.

Utafiti wa namna hii uuze peke yake: mkataba wake, bei yake, ripoti yake, na mteja awe huru kuipeleka ripoti kwa mtu mwingine akipenda. Wengi wenu mnaogopa kipengele hicho cha mwisho. Msiogope. Mteja aliyelipia kuujua ukweli wa biashara yake mara nyingi hubaki na aliyemwonyesha, na asipobaki, umeshalipwa. Kinachoua kampuni changa ni kutoa mkakati mzima bure kwenye wasilisho la kuwania kazi, kisha kuukuta mtaani umetekelezwa na jamaa wa mkurugenzi. Kwenye wasilisho onyesha kazi ulizofanya, maswali utakayoyauliza na namna utakavyoyatafutia majibu. Majibu yenyewe yana bei.

Kuna ombi moja litakalowafikia mapema: mteja anataka kubadilisha jina. Hapo ulizeni jina linamchosha nani. Tazameni kampuni za simu. Kenya, Kencell iliingia sokoni mwaka 2000, ikawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, Airtel mwaka 2010. Majina manne ndani ya muongo mmoja, na mabadiliko hayo yalifuata mikono ya wenye hisa: Celtel ilinunuliwa na kampuni ya Kuwait iliyokuja kujiita Zain, kisha Bharti Airtel ya India ikanunua sehemu kubwa ya biashara ya Zain Afrika. Mteja wa kawaida hakuwa ameomba lolote. Kila jina jipya lilidai kupaka rangi vibanda upya na kuwafundisha watu upya, wakati Safaricom, kwa jina lilelile, ilikuwa inawafundisha Wakenya jambo jipya kabisa, kutuma pesa kwa M-Pesa, kuanzia mwaka 2007. Kwetu, Mobitel ikaja kuwa Tigo, na Novemba 2024 Tigo ikawa Yas. Jina likibadilishwa kwa sababu mmiliki amebadilika, hiyo ni sababu halali, mpangieni kazi. Likibadilishwa kwa sababu mauzo yameshuka, rudini kwanza dukani kwa Mangi.

Na kabla ya kumpelekea mteja jina lolote, tafuteni kwenye rejista ya alama za biashara ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Kusajili kampuni ni jambo moja, kusajili alama ya biashara ni jingine, na wenye biashara wengi wanadhani wakishapata cheti cha kampuni wamelindwa. Usajili wa Bara haufiki Zanzibar. Kule kuna BPRA, wakala wao wa usajili wa biashara na mali, na ni maombi mengine, ada nyingine.

Sasa pesa, na hapa naomba msome taratibu. Ukishasajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ankara ya shilingi milioni 10 inaongezwa asilimia 18, yaani milioni 1.8. Mteja atakata kodi ya zuio, ile anayoizuia kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini, ya asilimia 5 ya ada, shilingi laki tano, na utapokea milioni 11.3. Lakini TRA, mamlaka ya mapato, haisubiri mteja alipe: ankara ikishatoka, VAT yake inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja akikulipa baada ya siku 90, wewe umeshatoa fedha ya serikali mfukoni mwako zaidi ya mwezi mmoja nyuma. Kampuni yenye kazi nyingi kubwa kwa wateja wanaochelewa inaweza kuanguka huku vitabu vikionyesha faida. Kwa hiyo daini malipo ya awali kabla ya kazi kuanza, gaweni ankara kwa hatua, na kila aliyekukata zuio akupe cheti chake, kwa sababu fedha hiyo inahesabika kwenye kodi yako ya mapato.

Kuhusu mbia, tafuta anayejua usichokijua. Wolff Olins ya London ilianzishwa mwaka 1965 na Michael Wolff, mbunifu wa michoro, pamoja na Wally Olins, mtu wa matangazo. Wachoraji wawili wakiungana watabishana juu ya rangi hadi usiku na hakuna atakayefuatilia ankara. Ajira ya kwanza kwangu ingekuwa mtu wa utafiti, mwenye subira ya kukaa sokoni na kuandika anachosikia bila kukipamba.

Miezi mitatu baada ya kukabidhi kazi, rudini kwenye maduka yaleyale, ulizeni maswali yaleyale, mpelekeeni mteja majibu hata kama hayawapendezi. Liwekeni hilo kwenye mkataba tangu mwanzo na lilipiwe. Mkataba wa pili hujadiliwa kwenye mkutano huo, hivyo ombeni mhasibu wa mteja naye awepo. Yeye ndiye atakayeulizwa kama fedha ipo, na ni vizuri awe ameisikia ripoti kwa masikio yake.