Wadogo zangu wa maabara, geuzeni hiyo fomu

Leo asubuhi nimemkuta dogo wa fild anajaza majibu, HbA1c (kile kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu) asilimia 5.4, yaani ya kawaida, na nyuma ya fomu daktari kaandika kabisa mgonjwa kaongezewa damu wiki iliyopita, dogo hata hajaigeuza. Hasira zilinipanda, halafu nikanyamaza, maana hilo kosa nalijua vizuri mno.

1. Jueni mnapima nini. Chembe nyekundu ina upana wa maikroni 7 hadi 8, na kapilari nyingine hazifiki hata 5, lazima ijikunje ndo ipite. Chapati ya moto unaikunja utakavyo, ya juzi inakatika. Sukari ikikaa juu inanasa kwenye himoglobini (ile protini nyekundu ya chembe) na kwenye protini za utando, chembe inakakamaa, inapita kwa shida, na hilo linachangia kuumiza macho, figo na miguu. HbA1c inapima hiyo sukari iliyonasa kwenye himoglobini, na kwa kuwa chembe inaishi siku kama 120, inakusomea miezi 2 au 3 ya nyuma.

2. Sasa damu ikiwa ya mtu mwingine je? Kuna mama alikuwa anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, HbA1c ikasoma 5.6 wakati glukometa ya wodini, inayopima sukari ya papo hapo, ilisoma 16, juu sana. Ile 16 niliiona jamani, nikajiambia labda kanywa soda, nikampa karatasi dirishani nikamwambia mama iko safi. Kumbe wiki mbili nyuma kawekewa uniti mbili za damu, zile chembe zilikuwa hazijakaa vya kutosha kwenye sukari yake. Dozi ya dawa zake za sukari ikapunguzwa. Karudi baada ya mwezi na kitu, kavaa yeboyebo, mguu umefungwa kipande cha kanga, kidole gumba cheusi na hata hasikii maumivu, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, si ulisema imeshuka?" Kidole kilikatwa. Sikuwa na jibu siku ile na mpaka leo sina.

3. Sukari tyubu ya kijivu, HbA1c ya zambarau, na damu isilale mezani, chembe zinaila sukari.

4. Sikoseli. Huku Kanda ya Ziwa tunao wengi, chembe zao hazifiki hizo siku 120, kwa hiyo HbA1c inashuka kwa uongo. Hb, yaani himoglobini, ikiwa chini, au namba zinagombana, nyanyua simu, usiogope daktari.

Dogo wa asubuhi nimempa simu aongee mwenyewe na wodi. Sauti ilikuwa inatetemeka, ila kasema yote, na daktari kaagiza mgonjwa apimwe sukari kesho kabla hajala.