Jibu: Je, nihame mtaa kwa sababu ya wizi?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni busara kuhama Igoma, jijini Mwanza, baada ya nyumba mbili za majirani zako kuvunjwa usiku ndani ya mwezi mmoja. Hofu yako naielewa, kwa sababu mwaka juzi nami nilirudi nyumbani, huku kwetu mlimani, nikakuta nondo za dirisha la jikoni zimepindwa na mtungi wa gesi umebebwa; wiki nzima binti yangu alikataa kulala peke yake.

Kabla ya kufunga mizigo, mwombe mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano wa wakazi, na polisi kata aalikwe. Ulinzi wa wananchi si jambo geni Usukumani: sungusungu walianzia vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sheria ikawatambua mwaka 1989. Hata hivyo, kubalianeni tangu mwanzo kwamba mtuhumiwa atakayekamatwa hatapigwa bali atapelekwa kituoni, maana nimeshuhudia kijana akinusurika kuuawa kwa kosa ambalo hakulitenda, na jambo hilo linaniuma hadi leo kuliko mtungi ule.

Kwetu kilichosaidia zaidi ni taa. Kila kaya iliweka balbu nje, hasa kwenye ngazi zinazopita katikati ya mawe, ambako vibaka walizoea kujificha. Ripotini polisi kila tukio, hata dogo, mkahifadhi namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu kituoni. Dharura ikitokea, pigeni 112.