Hizo betri zitoe kichwani mwa simba kabla hujashona

Mkuu, simama hapo hapo. Unataka kushona suti ya simba yenye mita tatu za mkanda wa taa, ukauliza ununue manyoya gani, macho yawakeje, taya lichezeje na suti ifuliwe vipi, halafu katikati ukapitisha kama utani kwamba seli nne za laptop mbovu "utazibana kwa gundi kisogoni, ndani ya sponji". Mengine weka pembeni kwanza. Hilo la kisogoni ndilo limenifanya niandike usiku huu.

Mimi nina suti ya chui, naivaa kwenye birthday za watoto hapa Dar, na mara moja moja duka likifunguliwa. Niliishona kwa kuangalia video za Wamarekani, wale wa fasuti (suti nzima za wanyama wa manyoya), ambao wana hadi mikutano yao mikubwa. Ule wa Anthrocon uko Pittsburgh tangu 2006. Ila wenzetu wanatembea kwenye kumbi zenye viyoyozi. Wewe unataka simba wa Simba Day, uwanja wa Mkapa, jua la Temeke, mle ndani sponji na manyoya ya plastiki. Utalowa hadi soksi.

Na jasho lina chumvi, umeme unapita humo. Hili hakuna aliyeniambia.

Aliyenishauri ni fundi mmoja wa redio ambaye mtaani kwetu anaheshimika kuliko mjumbe. Nilimpelekea mkanda wangu wa taa, hizi za WS2812B ambazo kila taa inabadili rangi kivyake, taa 60 kwa mita. Akasema pawabenki "haisukumi", nichukue seli za 18650 (zile za duara zinazokaa ndani ya betri za laptop), nne, niziunge sambamba na kuzipeleka moja kwa moja kwenye mkanda. Nikauliza fyuzi. Akacheka mpaka akaweka chini waya wa risasi ya kulehemu: "Bosi, hii si gari." Seli zenyewe zilikuwa zimeandikwa 9900mAh kwa herufi za dhahabu. Seli ya saizi ile, hata iwe ya kiwanda kinachojiheshimu, haifiki nusu ya hapo! Kwa hiyo nilinunua uongo kwa pesa taslimu, nikaubandika kisogoni kwangu kwa gundi ya moto. Na nimesoma mimi, msinitazame hivyo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Waya ulitoka kisogoni, ukapita pembeni ya bawaba ya taya kwenda kwenye macho. Kila chui akifungua mdomo, bawaba inausugua. Kidogo kidogo plastiki ya waya ikaisha, shaba ikabaki wazi, nyaya mbili zikagusana pale penye jasho. Tuko katikati ya keki. Nasikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa kwenye shati, nikadhani ni majiko ya jirani. Kisha shingo ikaanza kuchoma. Kichwa hakitoki, kwa sababu nilikifunga kwa zipu ya mgongoni ambayo lazima mtu mwingine akufungulie (ubunifu wangu huo, eti nisionekane shingo). Moshi unatoka masikioni mwa chui, watoto wanashangilia, MC anasema "makofi kwa chui wetu!" Na makofi yakapigwa kweli.

Aliyeniokoa ni dada wa jikoni, alikuja na kisu cha keki akachana manyoya. Kichwa kilipotupwa nje kwenye mchanga ndipo seli moja ilipolipuka kwa kishindo. Sponji ikawaka mara moja, moshi mweusi, na manyoya yakayeyuka yakawa lami. Ungekuwa wewe na zipu kama yangu, ile lami ingekuwa ngozini. Nina alama shingoni, napenda kusema ni ya chui. Malipo ya awali nilirudisha. Fundi nilipomfuata aliniambia nilivaa vibaya. NILIVAA VIBAYA!

Kwa hiyo, mkuu, betri inakaa nje ya manyoya, mahali ambapo mkono wako mwenyewe unaifikia. Si kisogoni, si kifuani chini ya zipu, si mkiani kama nilivyoona mtu mmoja akisifiwa juzi. Kifuko cha kiunoni, juu ya suti. Kitaonekana? Kionekane. Kivalishe skafu nyekundu, simba wa Msimbazi hatashangaza mtu.

Tena hiyo pawabenki niliyoambiwa haisukumi inatosha kabisa, ukipunguza tamaa. Taa moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inakula kama miliampea 60. Mita zako tatu ni taa 180, karibu ampea 11. Hapo fundi wangu alikuwa sahihi, pawabenki nyingi zinatoa mbili au tatu. Lakini nani kakwambia unataka simba mweupe? Nyekundu peke yake inakula theluthi ya hiyo. Nunua mkanda wa taa 30 kwa mita, na kama unaendesha taa kwa WLED (programu ya kuongozea mikanda ya taa), mna sehemu ya kuweka kikomo cha ampea. Weka mbili ulale. Chini ya manyoya mwanga mkali unaishia kuonyesha gundi yako tu. Fyuzi ya ampea tatu weka karibu na betri, si karibu na taa, maana waya wote unaobaki kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Na ule wa kupita kwenye taya upitishie ndani ya bomba laini.

Manyoya chukua mafupi, kuna joto.

Halafu plagi. Zile nyeupe ndogo zenye ulimi usiguse, hazichomoki ukiwa umevaa makucha. Tafuta ile ya duara kama ya kamera za CCTV, Kariakoo zimejaa. Kabla hujashona chochote vaa kichwa, vaa makucha yote mawili, mwambie mtu azime taa ya chumba, kisha uichomoe bila kusaidiwa. Ukihangaika, fupisha waya na ujaribu tena. Picha ya kifuko niwekee hapa kabla sindano haijaingia.