Jibu: Dondoo la muthiga halitoi duara kwenye agari
Dada, umeuliza kwa nini dondoo lako la magome ya mti wa muthiga halikuacha duara (eneo ambalo bakteria hawakuota) kwenye agari, yaani jeli ya kuoteshea, uliyopanda bakteria wa Staphylococcus aureus ilhali diski ya antibiotiki iliacha. Shaka yangu ni maji uliyochemshia: poligodiali, kiambata cha muthiga kinachopambana na vijidudu, haiyeyuki vizuri majini. Loweka gramu 50 za unga kwenye mililita 500 za methanoli kwa saa 48, chuja, kausha chini ya nyuzi 40, kisha yeyusha miligramu 100 kwa mililita ya DMSO (kiyeyusho). Kisima kimoja (tundu kwenye agari) kiwe cha DMSO tupu, la sivyo hutajua kilichoua ni nini.

Hata hivyo, viambata vya aina hii husambaa kwa shida ndani ya agari, kwa hiyo duara dogo si ushahidi wa udhaifu. Ningeamini zaidi sahani ya visima 96: punguza ukali wa dondoo nusu kwa nusu kutoka kisima hadi kisima, DMSO isizidi asilimia 1, tia bakteria, waache wakue, kisha tia resazurini, rangi ya kuonyesha uhai. Pinki, bakteria wako hai; buluu, hawakukua. Dondoo jeusi huvuruga rangi, basi weka kisima cha dondoo bila bakteria.

Na yale makoloni (mafungu ya vijidudu) uliyoyaona kwenye sahani ambayo hukupanda kitu? Huenda agari haikuuliwa vijidudu vizuri. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi. Geji ya otoklevu (chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu) ikisoma psi 15 za shinikizo, hujafika nyuzi 121 zinazotakiwa. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo geji inahitaji kusoma karibu psi 18.