Hela ya kwanza niliitupa ukutani

Swali la mhariri wiki hii: ukikarabati makazi madogo, hela ya kwanza unaiweka wapi? Mimi niliiweka ukutani, nikaitupa.

Nyumba yetu iko Uhindini, Dodoma mjini. Ni ya zamani: kuta nene za mawe na udongo, lipu ya chokaa, paa la bati. Mzee alipofariki tuliigawana ndugu wanne. Mimi nilipata vyumba viwili na nusu ya baraza. Kati yangu na dada kuna plaiwudi tu. Akipiga chafya namwitikia "afya" nikiwa kitandani. (Ya mita moja ya umeme, LUKU, kwa familia nne siyasemi leo.)

Lipu ya chini ilikuwa inamomonyoka. Fundi akashauri tuikwangue yote, tupige saruji. Tukapiga, na skimu juu yake, lile tabaka laini la kumalizia, na rangi nyeupe. Chumba kikapendeza hadi wageni wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mvua za Januari zilipokolea, rangi ikaanza kuvimba malengelenge. Ukiyatumbua, ndani unga mweupe wa chumvi.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani kaufunga pumzi ukuta huu?" Akanieleza kwamba nyumba hizi hazikuwekewa kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Udongo unanyonya maji kutoka chini, chokaa inayaachia yatoke taratibu. Saruji inayaziba, nayo yanatafuta njia kwa juu yakiwa yamebeba chumvi. Na lipu yenyewe tuliichanganya kwa maji ya kisima, chumvi yake ukichemshia chai unaionja.

Tulibandua saruji hadi usawa wa kiuno, tukauacha ukuta uchi kiangazi kizima. Nililala miezi mitano nikitazama mawe. Kisha debe moja la chokaa kwa matatu ya mchanga uliooshwa, tabaka jembamba jembamba, na kila jioni kunyunyiza maji, maana upepo wa Dodoma ungeikausha kabla haijashika. Haing'ai kama skimu. Imetulia.

Lakini fundi hakuishia hapo. Alitoka nje, akatazama juu, akanionyesha gata, mfereji wa maji ya paa, lililotoboka upande wa kaka. Maji yote ya bati yalikuwa yanamwagika kwenye mguu wa ukuta wangu. Vyumba tuligawana, baraza tuligawana, hata mti wa mwarobaini una mwenyewe. Paa hakuna aliyelikumbuka.

Kwa hiyo, mhariri, jibu langu ni gata, tena lisilo langu. Tulikaa kikao, tukakubaliana mchango sawa kwa sawa. Dada katoa, mdogo wetu katoa, mimi nimetoa. Kaka alisema atatuma mwisho wa mwezi. Huu ni mwezi wa tatu tangu aseme hivyo, na mawingu yameshaanza.