Je, binti yangu anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua?

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili ni mjamzito. Majirani wanasema shule imekwisha, nimtafutie kazi za ndani. Je, ni kweli?
Mama, Majengo, Moshi

JIBU: Pole sana, mama, lakini shule haijakwisha. Tangu Novemba 2021 Serikali inawaruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea shuleni baada ya kujifungua, kwa hiyo mwone mkuu wa shule mapema na umweleze wazi kwamba mwanao atarudi.

Kuhusu aliyempa ujauzito, Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30, na ndiyo maana nakusihi usikubali suala hili limalizwe na wazee wa ukoo kwa mbuzi na mbege, kwani anayeumia katika suluhu hiyo ni mtoto. Kitaifa, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliozaa au kupata ujauzito walipungua kutoka asilimia 27 katika utafiti wa 2015/16 hadi 22 mwaka 2022. Bado ni wengi mno.

Kabla ya yote, aanze kliniki wiki hii, nawe umsindikize, maana ujauzito katika umri wake una hatari zaidi.